Hotuba ya Shangazi

Mkuu wa shule alikuja mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha na baridi imeanza kuuma. Alikuja mwenyewe, amevaa koti zito la sufu na kofia ya kufuma, akakaa sebuleni kwetu Njombe karibu na jiko la mkaa, akanywa chai na viazi vya kuchemsha kama mgeni yeyote. Kisha akaweka kikombe chini, akamwambia shangazi yangu kwamba shule ya wasichana imemaliza kujenga ukumbi, na bodi imekubaliana ukumbi huo uitwe kwa jina lake. Wangefurahi sana kama angefika siku ya uzinduzi akasema na wanafunzi.

"Nitakuja," shangazi akasema.

Alisema haraka, kabla sijapata nafasi ya kuingia kati. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika mkononi. Mkuu wa shule akatabasamu, akanigeukia mimi kana kwamba nami nimekubali.

"Ni mwezi wa sita mwishoni, Mwalimu?" nikauliza. "Hapo baridi ndiyo kali. Kifua chake hakimpi nafuu siku hizo."

"Tutaweka majiko ukumbini, mama. Na hatakaa muda mrefu."

"Nimeshasema nitakuja," shangazi akarudia, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya mtu anayefunga mjadala bila kumuudhi yeyote. Mkuu wa shule aliondoka na furaha yake. Mimi nilibaki nakusanya vikombe kwa wasiwasi, maana mgeni hakujua ninachokijua.

Tangu masika yaanze, shangazi alikuwa anapotea. Simaanishi kupotea njiani, ingawa hilo nalo lilitokea mara moja pale sokoni. Alikuwa anapotea katikati ya sentensi. Anaanza kuniambia habari za miche ya parachichi, kisha anasimama, ananitazama, na ninaona machoni pake kwamba hayupo tena Njombe. Siku moja alimjibu kwa Kifaransa mama muuza viazi, kwa adabu kubwa, na yule mama akacheka akidhani anatania. Siku nyingine nilimkuta amevaa suti yake ya kijivu na viatu vya kisigino kidogo, amekaa kwenye kiti cha barazani, ukungu umemzunguka.

"Gari la ubalozi limechelewa," akaniambia.

Nikamwambia limeharibika, wameomba radhi. Akakubali. Akaingia ndani akabadili nguo, na baada ya chai akaniuliza habari za wateja wangu wa Makambako, akamtaja hadi dereva mmoja wa malori anayependa kulala chumba cha mwisho. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anakwenda na kurudi, na hakuna aliyejua atakwenda saa ngapi.

Kwa asiyemjua, niseme kidogo. Shangazi alizaliwa vijijini upande wa Kidugala, binti wa mwalimu wa injili. Babu yangu alikuwa na watoto wengi wa kiume, na watu walipomuuliza kwa nini anamsomesha binti huku wavulana wanahitaji sare, alijibu kwamba huyu ndiye anayemuuliza maswali. Alisoma, akapata kazi katika wizara inayoshughulika na mambo ya nje, akaanzia mapokezi. Wakati huo wanawake waliingia kwenye vyumba vya mikutano wakiwa na trei au na mashine ya kupiga chapa. Yeye aliingia akiwa na kalamu. Akapanda, polepole, akapelekwa kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kutoka nyanda zetu hizi kuiwakilisha nchi mbele ya mataifa mengine, na mwishoni akawa balozi. Mjini kwetu wengi hawakumwita jina. Walimwita Mama Balozi, na hata watoto waliozaliwa baada ya kustaafu kwake walijua nyumba yake ni ile yenye mipeasi na ua la maua ya zambarau.

Lakini mimi sikumfahamu kwa vyeo. Nilimfahamu kwa namna alivyofanya mambo. Nilipokuwa msichana, baba zangu wadogo wawili waligombania mpaka wa shamba la miti ya miwati hadi wakafikia kutosalimiana kanisani. Shangazi alikuwa likizoni. Hakuwaita sebuleni. Alitoa benchi nje, akaliweka litazame shamba, akawakalisha wote wawili upande mmoja, bega kwa bega, yeye akasimama. Kisha akamwomba kila mmoja aeleze shida ya mwenzake, na aendelee kuieleza mpaka mwenzake akiri kwamba imeelezwa sawasawa. Walikaa pale mpaka jua likazama. Yule aliye mkubwa kati yao alikasirika, akaanza upya. Walipoinuka mpaka ulikuwa umepatikana, na wala si yeye aliyeutaja.

"Watu wanaogombana usiwakalishe wakitazamana," aliniambia baadaye, tukimenya viazi. "Wape kitu cha kutazama pamoja."

Siku hiyohiyo ndipo aliponiambia jambo jingine ambalo sikulitegemea. Alisema kila alipotakiwa kuhutubia, asubuhi yake alitapika. Kila mara, tangu mkutano wa kwanza hadi wa karibuni. Alikula mkate mkavu, akaoga maji baridi, akatoka amenyooka. Na mkutanoni alishika mkoba kwa mikono miwili ili vidole visionekane.

"Hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wenzangu wanaume wakitetemeka walisema ni baridi. Mimi ningetetemeka wangesema ni mwanamke."

Nilipofiwa na mume wangu nilibaki na nyumba ya wageni Makambako, karibu na njia panda ambapo malori hukata kwenda Songea. Ni nyumba ya vyumba vichache, wateja wake madereva, wachuuzi wa mahindi na watu wa mbao. Niliiendesha mwenyewe miaka mingi. Shangazi alipoanza kusahau nilimwachia wifi yangu usimamizi, nikahamia Njombe. Nikawa mtu wa kwenda na kurudi kati ya miji miwili, na popote nilipokuwa, moyo wangu ulikuwa kwenye mji mwingine.

Baada ya mkuu wa shule kuondoka, nilimpigia simu kaka yangu aliyeko Dodoma. Nilimweleza yote.

"Ghairi," akasema. "Waambie anaumwa. Huwezi kumpeleka mbele ya watu akaanza kusema yasiyoeleweka. Atachekwa, na sisi tutachekwa."

"Amekubali mwenyewe, kaka."

"Amekubali nani? Huyo aliyekubali kesho atakuwa hakumbuki."

Nilijua ana haki ya kuogopa, maana na mimi niliogopa kitu kilekile. Niliona akilini ukumbi umejaa, wageni wa serikali mbele, simu zimeinuliwa zinarekodi, na shangazi yangu amesimama katikati ya maneno bila kujua yuko wapi. Nilijua jinsi video inavyosambaa siku hizi. Mtu anafanya kazi maisha yake yote, na watu wanamkumbuka kwa dakika moja mbaya.

Kesho yake nilikwenda shuleni. Nilikusudia kusema ukweli. Mkuu wa shule alinipokea kwa furaha, akanitembeza ukumbini, akanionyesha jukwaa lenye zulia jipya na sehemu ya ukuta ambapo jina lingechorwa. Fundi rangi alikuwa tayari amechora mistari ya penseli. Wasichana wawili walikuwa wanafagia, wakasimama wakanisalimia, mmoja akauliza kama ni kweli Mama Balozi aliwahi kulala ndani ya ndege. Nikasema ni kweli. Nikatoka pale sijasema nilichokuja kusema, nikakaa ndani ya gari kwa muda, nikarudi nyumbani.

Shangazi alikuwa barazani anachambua maharage. Alinitazama nikishuka.

"Umekwenda kuwaambia," akasema.

"Kuwaambia nini, shangazi?"

"Usinifanye mtoto. Kwamba nasahau."

Nilikaa chini kwenye ngazi. Upepo ulikuwa unatoka upande wa miti ya misindano na baridi yake ilipenya hadi kwenye mifupa. Nilitaka kukana, nikashindwa.

"Nilikwenda, sikuweza," nikasema.

Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Najua, mwanangu. Usidhani sijui. Ni kama kuingia chumba ambacho mtu amehamisha viti. Najua ni chumba changu, lakini kila nikitaka kukaa, kiti hakipo." Akatupa kijiwe nje. "Nimesimama mbele ya watu nikiwa na hofu tangu ujana. Hii ni hofu nyingine tu. Siendi kuificha kwa kukaa nyumbani."

"Na ukipotea pale mbele?"

"Basi nitapotea. Wewe kaa mstari wa mbele nikuone. Na usimwambie mtu. Wakijua mapema hawatanisikiliza. Watakuwa wananisubiri nianguke."

Nilimuahidi. Lakini tangu siku hiyo sikuwa na amani. Kila asubuhi nilimpima kwa maneno yake ya kwanza, kama mtu anayepima mgonjwa joto. Akisema "umeamkaje mwanangu," nilishusha pumzi. Akiniuliza wajumbe wamefika lini, nilijua siku itakuwa ndefu. Nilijaribu kumfanyisha mazoezi ya hotuba, akakataa, akasema hotuba ikirudiwa sana hunuka kama nguo iliyovaliwa.

Siku moja kabla ya uzinduzi alifika rafiki yake. Alikuwa balozi mstaafu, mzee wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia ya kiua na shali shingoni. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, na shule ilikuwa imemwalika. Alikuja kwa treni kwa sababu alisema mabasi yanamvunja mgongo. Nilifika stesheni ya Makambako mapema kuliko inavyohitajika, nikawa natembea huku na huku jukwaani. Aliposhuka nikamwamkia, akaniitikia marahaba ndefu ya watu wa pwani, akaniuliza hali ya shangazi.

"Hajambo," nikasema.

Alinitazama mara moja tu, hakuuliza tena.

Nilimpa chumba kizuri katika nyumba yangu ya wageni. Aliposwali na kupumzika, alasiri tukaenda Njombe. Njia nzima aliniuliza habari za mashamba: hii ni chai au nini, zile nguzo zinapelekwa wapi. Nilijibu huku akili yangu iko mbele. Tulipofika, shangazi alitoka barazani akiwa amevaa sweta langu, akamnyooshea mikono, akamwita kwa jina.

Lilikuwa jina la mtu mwingine. Mwenzao wa zamani ambaye alishafariki.

Yule mzee hakusita hata kidogo. Alishika mikono yake yote miwili, akasema, "Nimefika, dada. Safari ilikuwa njema." Wakaingia ndani, wakaongea kuhusu mpishi wa ubalozini aliyekuwa akiunguza wali, wakacheka sana. Kila shangazi alipomwita kwa jina lile, mzee aliitika. Alipomuuliza habari za mke wa marehemu yule, akamwambia mke hajambo na anamsalimu.

Wakati wa kurudi Makambako tuliupita mji wa Njombe, mzee akitazama nje. Kisha akauliza, "Imeanza lini?"

"Tangu masika, mzee."

"Na kesho atazungumza?"

"Amekataa kughairi. Ameniomba nisimwambie mtu."

"Hujaniambia kitu," akasema. "Nimeona mwenyewe." Baada ya muda akaongeza, "Basi tutakuwa wawili mstari wa mbele."

Sikulala vizuri, lakini asubuhi ilifika. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka Makambako magari yaliwasha taa njia nzima. Nilipofika nyumbani Njombe na mzee, shangazi alikuwa ameshavaa suti ya kijivu. Jirani yetu aliyelala naye usiku ule alininong'oneza mlangoni kwamba ametapika alfajiri. Nilimtazama shangazi usoni. Alikuwa anatafuna kipande cha mkate mkavu.

"Kamwene," akanisalimia kwa salamu ya kwetu, na macho yake yalikuwa yake. Nikaitikia. Nilitamani kulia.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wasichana wote wamevaa masweta ya shule, pumzi zao zinaonekana hewani licha ya majiko yaliyowekwa pembeni. Mgeni rasmi kutoka serikalini alikaa katikati ya meza kuu, mkuu wa shule kushoto kwake. Mimi na mzee tulikaa mstari wa mbele, chini ya jukwaa. Kwaya iliimba, mchungaji akaomba, pazia likavutwa jina la shangazi likaonekana ukutani, wasichana wakapiga vigelegele. Yeye alilitazama jina lile kwa muda, ameinamisha kichwa upande kidogo, nami nikaanza kuhesabu pumzi zake.

Alipoitwa alisimama mwenyewe. Alishika mkoba kwa mikono miwili. Akaanza vizuri kabisa. Aliwasalimu wageni kwa mpangilio sahihi, akawashukuru walimu, akawaambia wasichana kwamba alitembea kwa miguu kwenda shule na kwamba umande wa Kidugala asubuhi ulikuwa unamlowanisha hadi magotini. Wasichana wakacheka kidogo. Akawaambia baba yake alipenda maswali. Nikaanza kutulia. Nilijiambia, bado kidogo, ashukuru akae.

Akanyamaza.

Alinyamaza kwa muda ambao watu wanaweza kudhani mtu anatafuta neno. Kisha mabega yake yakapanda, kidevu kikainuka, na alipofungua mdomo sauti ilikuwa nyingine, nzito na ya polepole.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema. "Ujumbe wa Tanzania unashukuru kwa nafasi hii."

Kwenye meza kuu watu walitazamana. Aliendelea. Alizungumza kuhusu watu waliovuka mto kuingia nchini mwetu, wanawake wenye watoto mgongoni, wazee waliobebwa kwenye vitanda vya kamba. Alisema wanavijiji wa mpakani waligawana nao mihogo kabla chombo chochote cha kimataifa hakijafika. Alisema yote hayo kama mambo ya wiki iliyopita. Nyuma yangu nilisikia kiti kinasogezwa. Msichana mmoja akauliza mwenzake, kwa sauti ya chini, mto gani huo. Kulia kwangu simu mbili tatu ziliinuka.

"Wajumbe waliotangulia wametumia neno mzigo," shangazi akasema. "Naomba kusema juu ya neno hilo."

Mwalimu kijana aliyekuwa mshereheshaji alikuwa ameshaanza kupanda jukwaani. Mgeni rasmi alikuwa ametazama saa yake, na nadhani ndiyo ishara aliyoifuata yule kijana. Alikwenda kwa heshima, kipaza sauti mkononi, amenyoosha mkono kama mtu anayetaka kumsaidia bibi kushuka ngazi. Shangazi alimwona anakuja. Nikaona uso wake unabadilika. Hakuonekana kuchanganyikiwa, alionekana kuumia, kama mtu anayelijua vizuri jambo linalotaka kumpata. Vidole vyake vilikaza mkoba. Nilijaribu kusimama nikamfuate, na sikujua nikifika nitafanya nini.

Mzee alinitangulia. Alisimama mahali pake, akavua shali, akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa ukumbi:

"Mjumbe wa Tanzania bado ana nafasi. Naomba wajumbe wote watulie. Tafadhali endelea, Mheshimiwa."

Mshereheshaji alisimama katikati ya jukwaa. Alimtazama mkuu wa shule. Mkuu wa shule alimtazama shangazi, kisha mzee, kisha mimi. Nilimwona anaelewa. Akamfanyia ishara ndogo ya mkono yule kijana, arudi. Akarudi.

Shangazi aliinamisha kichwa kidogo kumshukuru mzee.

"Asante, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mimi ninatoka nyanda za juu kusini. Kwetu mzigo ni kuni. Wanawake hutoka pamoja kwenda msituni asubuhi, na hurudi pamoja. Akiwepo mwenye mtoto mchanga mgongoni, hatumwachi nyuma wala hatumwambii asije. Tunafungua furushi lake, kila mmoja anachukua vijiti vichache, anaviongeza kwenye furushi lake. Hakuna anayehisi uzito. Akifika nyumbani, moto wake unawaka kama wa wengine. Mheshimiwa Mwenyekiti, nchi yangu haikuja hapa kuomba huruma, wala haijutii kufungua mlango. Sisi ndio tuliokuwa karibu na mto. Nimekuja kuwauliza wajumbe, mmoja mmoja, vijiti vyako viko wapi."

Aliwatazama wasichana mstari kwa mstari, kana kwamba anatazama meza zenye bendera ndogo.

"Nashukuru," akasema.

"Kikao kinamshukuru mjumbe wa Tanzania," mzee akajibu, "na hotuba yake imeingizwa katika kumbukumbu."

Akaketi. Shangazi naye akaketi. Kwa sekunde kadhaa hakuna aliyejua kinachopaswa kufuata, halafu msichana mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukafuata. Walipiga makofi wamesimama. Nilikuwa nimekunja mikono mapajani na haikutaka kufunguka.

Mgeni rasmi alikuja kunipa mkono baada ya sherehe. "Mama ana mbinu," akasema. "Kutuigizia kikao kizima namna ile. Wasichana hawatasahau." Nikamshukuru. Mkuu wa shule alinivuta pembeni, nyuma ya majiko.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Aliniomba nisiseme."

Alinikazia macho, nikajua amekasirika, na pia kwamba hatanilaumu. Akaenda kuwaambia walimu wake wawaombe wenye simu wafute walichorekodi. Sijui kama walifuta wote. Kwa majuma kadhaa baadaye, kila simu yangu ilipolia kwa ujumbe, nilishtuka.

Ndani ya gari shangazi alilala papo hapo. Tulimfikisha nyumbani, nikamfunika blanketi, nikamwacha na jirani ili nimrudishe mzee Makambako awahi treni ya jioni. Tulipokuwa stesheni, tumekaa kwenye benchi pamoja na abiria wengine na magunia yao, nikamuuliza alijuaje la kusema.

"Ile hotuba naijua," akasema. "Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Alikuwa kijana bado, na alikuwa mwanamke pekee kwenye mstari ule wa meza. Mkuu wetu wa msafara aliugua jioni iliyotangulia, shangazi yako akaambiwa asome yeye. Aliiandika upya usiku kucha. Alipofika kwenye neno mzigo, mwenyekiti wa kikao akagonga meza, akasema muda umekwisha."

"Muda ulikuwa umekwisha kweli?"

"Wajumbe waliomtangulia walikuwa wamezidisha, na hakuna aliyewagongea." Alizungusha kofia mkononi. "Alikunja karatasi akakaa. Kwenye gari nilimwambia ilikuwa hotuba nzuri, akaniambia, hukuisikia. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia mwisho wake. Mimi siku ile nilikuwa nimekaa nyuma yake, na ulimi ninao, sikuutumia."

Treni ilipokuja nilimsaidia begi hadi mlangoni. Akaniambia nimsalimie dada yake.

Kaka yangu alipigiwa simu na watu kabla sijampigia mimi. Hakunifokea. Aliuliza tu kama watu walicheka. Nikamwambia hawakucheka. Tangu hapo amekuwa akisema shangazi apelekwe Dar es Salaam akakae karibu na madaktari wakubwa, na kila akisema, nakosa usingizi, maana inawezekana ana haki. Najua akiondolewa kwenye baridi hii na kwenye mipeasi yake atapotea haraka zaidi. Najua pia kwamba siku atakapoanguka bafuni, nitakuwa mimi niliyesema abaki. Bado hatujaamua.

Yeye hakumbuki uzinduzi. Hotuba haikumbuki pia, au labda sasa haina sababu ya kurudi. Lakini kuna jambo jipya. Asubuhi nyingine ananiona mimi ni ofisa mdogo aliyehamishiwa kituoni kwake. Mwanzoni nilikuwa nikimrekebisha, anahangaika, anaona aibu. Siku hizi simrekebishi.

"Umefika lini?" aliniuliza wiki hii, nikimletea chai.

"Jana, Mama."

"Umeripoti kwa mkuu wa utawala?"

"Nimeripoti."

"Kaa basi. Usisimame mlangoni, watu watadhani unaondoka." Nikakaa. Akanisogezea sahani ya viazi. "Kesho kuna mazungumzo magumu na majirani zetu. Watakuja na jambo ambalo hatuwezi kulikubali. Wewe ndiye utakayewaambia."

"Mimi, Mama?"

"Nani mwingine? Sasa sikiliza. Kabla hujasema hapana, wasimulie wao walichokitaka, kwa maneno yao, mpaka waseme ndiyo, hicho. Mtu aliyesikilizwa hukataliwa kwa urahisi zaidi. Halafu sema hapana mara moja tu. Ukiirudia, wataanza kuipunguza bei." Alinywa chai kidogo, akanitazama kwa makini. "Haya, tujaribu. Mimi ni jirani. Nimekuja kuomba. Anza."

Nje ukungu ulikuwa haujainuka. Nilikuwa na safari ya Makambako, na wifi yangu alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Niliizima simu, nikasogeza kiti, nikaanza.